Nafuu ni Dola Ngapi?

Ubishi ulianzia kwenye mpira wa dripu.

Shangazi aliuguza wagonjwa wa saratani New Jersey kwa miaka mingi kabla ya kurudi Mombasa, na mpaka leo mikono yake inaongea kihospitali. Jioni ile kibarazani kwake alichukua waya wa chaja ya simu anionyeshe jinsi Taxol inavyotundikwa. Dawa hii haikubali maji, akasema, kwa hiyo huchanganywa na mafuta maalumu, na mafuta hayo hunyonya kemikali kutoka kwenye plastiki ya kawaida. Ndiyo maana chupa ilikuwa ya kioo, mpira wa aina yake, na kichujio katikati. Kabla ya tone la kwanza mgonjwa anapewa dawa za kuzuia mwili usishtuke. Dakika za mwanzo muuguzi habanduki kitandani. Kisha ni saa tatu za kuhesabu matone.

"Na dawa yote hiyo," akamalizia akiukunja waya, "asili yake ni magome ya mti wa msitu wa serikali. Pesa ya umma mwanzo, katikati, na mwisho ukienda kununua."

Mtoto wa kaka yake, mfamasia mwenye duka mtaa wa pili, akakitua kikombe cha kahawa. Mwalimu, aliyemfundisha hesabu mfamasia huyo tangu akiwa na kaptula, akatoa kalamu mfukoni. Ninayaandika yaliyofuata, nikiyapunguza marudio. Vicheko nimeviacha nje.

MFAMASIA: Shangazi, kwa heshima, magome si dawa. Miarobaini imejaa Mombasa nzima na hatujaona bilionea.

SHANGAZI: Ngoja kwanza, mwanangu. Agosti 1962 mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Arthur Barclay, aliingia msitu wa taifa jimbo la Washington akachubua mti mdogo ambao wakata mbao walikuwa wakiuona takataka. Aliyeagiza ni Taasisi ya Taifa ya Saratani, iliyokuwa ikikusanya mimea ya kila aina ipimwe. Magome yakapelekwa North Carolina kwa Monroe Wall na Mansukh Wani. Wakaitoa kemikali iliyomo, na 1971 wakachapisha umbo lake. Mwaka 1979 Susan Horwitz, pale Bronx, akaonyesha inavyofanya kazi: seli ya saratani ikitaka kujigawa, inakwama palepale. Miaka ya themanini wagonjwa wakaanza kupewa kwa majaribio. Sasa niambie, kampuni iko wapi katika hadithi hiyo?

MFAMASIA: Haimo, na ina sababu. Mti ule unakua polepole, na ukiuchubua unakufa. Kemikali yenyewe ilishachapishwa, hataza ya kuikinga hakuna. Mfanyabiashara gani angeweka pesa yake hapo?

SHANGAZI: Basi serikali iliweka kwa niaba yake. Mwaka 1989 wakatangaza: nani ataichukua dawa hii aifikishe sokoni? Zikaomba kampuni nne, ikachaguliwa Bristol-Myers Squibb. Mkataba Januari 1991, idhini ya kuuza Desemba 1992. Miaka thelathini ya kulima, na chini ya miwili ya kuvuna.

MFAMASIA: Kuvuna! Shangazi, umewahi kuona kiwanda cha dawa kwa ndani? Kutoka gramu za maabara hadi kilo zenye usafi uleule kila mara, miaka miwili, na wanawake wenye saratani ya ovari wanasubiri. Wenyewe walisema walitumia dola bilioni moja. Na walitoa dawa bure kwa majaribio ya serikali.

MWALIMU: Bei ilikuwaje?

SHANGAZI: Dola 4.87 kwa miligramu, bei ya jumla. Wakosoaji walitaja kwamba malighafi kampuni ilikuwa ikiinunua kwa senti 25.

MWALIMU: Mkupuo mmoja ni miligramu ngapi?

SHANGAZI: Inategemea ukubwa wa mwili. Weka 300.

Mwalimu akaandika nyuma ya risiti ya umeme. Mara tatu mia: malighafi dola 75, dawa dola 1,461. Akaipitisha risiti ile kama mtihani uliosahihishwa. Mfamasia hakubisha hesabu. Alisema tu kwamba malighafi si chupa, kama unga usivyokuwa mahamri. Ana haki hapo. Mtu akitaka kunishawishi kwamba bei ni mbaya, asinionyeshe bei ya malighafi peke yake. Kwa mtindo huo hata mchuuzi wa mhogo wa kukaanga ni mnyang'anyi.

Kilichonifanya nisogeze kigoda ni hesabu iliyofuata.

SHANGAZI: Wakaguzi wa Bunge la Marekani waliitazama habari hii 2003. Wakakuta Taasisi za Taifa za Afya, hizi wanazoziita NIH, ambazo ile ya Saratani ni mojawapo, zilitumia dola milioni 484 kwa utafiti wa Taxol hadi mwaka 2002. Kampuni ilikuwa imeuza dawa ya dola bilioni 9. Mrabaha waliolipwa NIH: dola milioni 35.

MWALIMU: Kwa kila dola kumi, chini ya senti nne.

SHANGAZI: Na wakati huohuo bima ya serikali ya wazee inainunua dawa ileile kwa mamia ya mamilioni. Mlipakodi kalipa utafiti, kalipa dawa. Huo si wizi?

MFAMASIA: Wizi ni kuchukua bila ruhusa. Hapa pana mkataba, sahihi za pande zote, na mawakili. Mbona humtaji yule profesa wa Florida?

Shangazi akacheka, maana alijua anakopelekwa. Robert Holton, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, alipata njia ya kuitengeneza dawa kutoka majani ya jamaa wa mti ule, bila kuua mti wowote. Chuo chake kikachukua hataza na kuipangisha kwa kampuni hiyohiyo kwa asilimia iliyoandikwa. Kikapata zaidi ya dola milioni 350. Dawa ni moja na mnunuzi ni yuleyule, lakini chuo kimoja cha jimbo kimeingiza mara kumi ya kile kilichopata taifa zima lililoanza na gome.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jambo lenyewe, na si shangazi wala mfamasia aliyelishika vizuri. Shangazi anahesabu nani alitangulia kulipa, kana kwamba kutangulia kunatoa haki. Mfamasia anahesabu nani alihatarisha zaidi, kana kwamba hatari inajipangia bei. Florida haikutangulia wala haikuhatarisha kuliko NIH. Iliuliza ngapi kabla ya kutia sahihi.

MFAMASIA: Lakini NIH nao waliuliza! Kuanzia 1989 walikuwa na kipengele katika mikataba ya ushirikiano, na mkataba wa Taxol ulikuwa nacho. Kilisema pawe na uwiano wa haki kati ya bei ya dawa, pesa ya umma iliyowekwa, na mahitaji ya afya na usalama wa wananchi.

MWALIMU: Uwiano wa haki?

MFAMASIA: Ndivyo.

MWALIMU: Ngapi kwa ngapi?

MFAMASIA: Haikuandikwa, Mwalimu.

MWALIMU: Kijana wangu, nilikufundisha darasa la sita. Uwiano bila namba ni nini?

MFAMASIA: Ni shairi, Mwalimu.

Na kweli, bei ilipotangazwa, Taasisi ya Saratani ilitazama dawa nyingine za saratani zilizokuwa zikiuzwa wakati huo, ikaona hii haijazidi sana, ikaridhika. Kipimo cha haki kikawa bei ya jirani, na jirani naye alipanga yake kwa kutazama huku. Kwa Kiswahili mgonjwa hupata nafuu na bidhaa huwa ya bei nafuu, neno moja kwa mambo mawili, na muuza samaki wa Marikiti hatakuacha uondoke na neno hilo bila kukuuliza: nafuu ni shilingi ngapi?

MFAMASIA: Nanyi mnaringia kipengele hicho bila kusema kilikufaje. Harold Varmus, mkurugenzi wa NIH, mwanasayansi mwenye Nobeli na si wakala wa kampuni, alikifuta Aprili 1995. Alisema kinawakimbiza watafiti wa viwandani na wananchi hawapati kitu. Baada ya hapo mikataba ikaongezeka.

SHANGAZI: Sehemu ya ongezeko hilo ni mikataba midogo ya kupeana vifaa vya maabara, iliyoanza kuhesabiwa wakati huohuo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

MFAMASIA: Sawa, punguza. Lakini hoja inabaki. Kutengeneza dawa moja mpya kumekadiriwa dola bilioni 2.6, na katika dawa kumi zinazoanza majaribio ya binadamu, tisa hivi huishia njiani. Ukimwambia mtu aingie kwenye mchezo huo, halafu umwekee dari ya ushindi bila kumwekea sakafu ya hasara, atakwenda kutengeneza shampuu.

MWALIMU: Hiyo 2.6 ni pesa iliyotoka mfukoni?

MFAMASIA: ...Sehemu yake.

MWALIMU: Sehemu gani?

MFAMASIA: Kama 1.4. Iliyobaki ni gharama ya pesa kukaa miaka bila kuzaa.

MWALIMU: Yaani faida ambayo wangepata kama wangeiweka kwingine. Mke wangu akinihesabia hivyo miaka niliyomweka, nyumba nitauza.

Hapo palikuwa na kicheko ambacho nimesema nitakiacha nje. Lakini hesabu ya mfamasia isidharauliwe. Wapo watafiti wengine, walioichapisha yao 2020, waliopata, kwa thamani ya katikati, kama dola bilioni moja, na hata hiyo si pesa ya mchezo. Na uchambuzi wa 2018 uliokuta pesa za NIH katika utafiti uliotangulia kila moja ya dawa mpya 210 zilizoidhinishwa Marekani 2010 hadi 2016, ule ambao watu wa upande wa shangazi huupenda sana, ulionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia tisini ya pesa hizo zilikwenda kwenye sayansi ya msingi: seli inafanyaje kazi, protini hii ina umbo gani. Si kwenye kidonge. Umma ulichimba msingi, na msingi haulaliki.

SHANGAZI: Basi nikuulize la sheria. Tangu 1980 Marekani ina sheria ya Bayh-Dole. Chuo kikivumbua kwa ruzuku ya serikali, kinaruhusiwa kushika hataza na kuipangisha. Sina ugomvi nayo. Lakini serikali ilijiwekea ufunguo wa akiba: uvumbuzi usipofikishwa kwa watu kwa masharti ya haki, inaweza kuingia na kumpa leseni mtu mwingine. Ufunguo huo NIH imewahi kuutumia mara ngapi?

MFAMASIA: Hata mara moja.

SHANGAZI: Hata mara moja! Mwaka 2004 waliombwa kwa dawa ya VVU iliyopandishwa bei kama mara tano usiku mmoja. Wakakataa. Xtandi, ya saratani ya tezi dume, imevumbuliwa chuo kikuu cha California, Los Angeles, kwa ruzuku za NIH na za jeshi. Marekani ilikuwa zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, nchi nyingine tajiri sehemu tu ya hiyo. Wagonjwa wakaomba, na Machi 2023 wakajibiwa kwamba dawa inapatikana.

MWALIMU: Inapatikana wapi?

SHANGAZI: Dukani, Mwalimu. Ipo. Kama Mercedes ilivyopo.

Mara hii mfamasia hakujibu upesi. Akamwita muuza kahawa, akatujazia vikombe. Nilidhani ameishiwa, kumbe alikuwa akitafuta njia ya kuingilia.

MFAMASIA: Mnataka namba iandikwe mapema. Nitajieni mahali ilipoandikwa na dawa ikatoka.

Alidhani hakuna. Lakini shangazi ana mashemeji Unguja, na yeyote aliyeugua malaria Zanzibar miaka ile anaujua mchanganyiko wa artesunate na amodiaquine. Zanzibar ilianza kuutumia 2003, vidonge viwili mbalimbali, na tabu yake ni ile ya kawaida: homa ikishuka, mtu anameza kimoja na kingine, ambacho ni kichungu, anakitupa. Mwaka huohuo lilizaliwa shirika la DNDi, la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa, taasisi yetu ya utafiti KEMRI ya Kenya ikiwa miongoni mwa waanzilishi pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka. Wakakubaliana na kampuni ya Sanofi kuziunganisha dawa mbili katika kidonge kimoja. Hawakuandika uwiano wa haki. Waliandika: mtu mzima, chini ya dola moja, mtoto, chini ya nusu dola. Na hataza hakuna. Kidonge kikatoka 2007, kwa bei hiyo.

MFAMASIA: Dawa mbili kuukuu zimebanwa pamoja, shangazi! Huo ni useremala, si uvumbuzi.

SHANGAZI: Na ya malale kule Kongo? Zamani walidungwa melarsoprol, dawa ya arseniki. Katika kila wagonjwa ishirini, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Leo wengi wanameza fexinidazole siku kumi, nyumbani au zahanati. Idhini 2018, majaribio yamefanywa Kongo kwenyewe, pesa nyingi ya serikali za Ulaya.

MFAMASIA: Nayo molekuli ya kampuni ya Kijerumani iliyowekwa kabatini tangu miaka ya themanini. Useremala tena.

SHANGAZI: Iliwekwa kabatini kwa nini?

MFAMASIA: Kwa sababu wagonjwa wake hawana pesa. Sijakataa. Ninasema njia hiyo inafaa penye ugonjwa usio na soko. Nipe molekuli mpya kabisa, yenye soko, tuone.

Akaitaja mwenyewe: lenacapavir. Sindano za mara mbili kwa mwaka za kumkinga mtu na VVU. Wasichana na wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini na Uganda walishiriki jaribio lake kubwa. Kati ya 2,134 waliodungwa dawa hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Aliyelipia jaribio ni Gilead. Shangazi akakumbusha kwamba dawa ile inashambulia ganda la kirusi, na ganda hilo lilichunguzwa kwa miaka na maabara kama ya Wesley Sundquist kule Utah, kwa ruzuku za NIH. Mfamasia akasema ndiyo, msingi, tulishakubaliana. Mwalimu alitaka bei.

MFAMASIA: Marekani, ilipoidhinishwa Juni 2025, ilitangazwa dola 28,218 kwa mwaka. Kwetu huku, ya jeneriki ya Kihindi, dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027.

MWALIMU: Mara mia saba na tano.

MFAMASIA: Na huo ndio uzuri wake! Tajiri analipa utafiti, maskini anapata sindano. Mnalalamikia nini?

SHANGAZI: Tajiri yupi, baba? Mimi nimewauguza matajiri wako. Mwanamke mwenye nyumba na gari mbili ananishika mkono akiniuliza kama akiruka mkupuo mmoja atakufa, maana bima imesema sehemu hii ni yake. Na Brazili? Wabrazili walijitolea miili yao katika jaribio la pili la dawa hiyo. Leseni ya jeneriki ilipotoka Oktoba 2024 kwa nchi 120, Brazili haimo.

MFAMASIA: Brazili si maskini kiasi hicho.

SHANGAZI: Wala si tajiri kiasi hicho.

Nilikaa kimya muda mrefu, lakini hapo nilichomekea neno. Hizo dola 40 hazikushuka kama mvua. Watengenezaji wawili wa Kihindi na wafadhili walikaa mezani Septemba 2025 na kutangaza namba, kwa sababu kuna aliyeahidi kusaidia uzalishaji na kununua. Ni namba, imeandikwa, kabla ya chupa ya kwanza kujazwa. Mlipakodi wa Marekani, ambaye ruzuku zake zimo katika lile ganda la kirusi, hakuwahi kuwa na meza ya namna hiyo. Mfamasia akanitazama kama mtu aliyesalitiwa na shabiki.

MFAMASIA: Haya. Tuseme niko nanyi. Tuseme ni Januari 1991, shangazi, wewe ndiwe NIH. Unaandika kwenye mkataba wa Taxol: bei isizidi dola kadhaa. Kampuni inafunga faili, inaondoka. Wale wanawake wa ovari wodini kwako 1993, utawatundikia nini? Magome?

Shangazi aliuzungusha ule waya wa chaja kidoleni. Adhana ya isha ilikuwa imekwisha na Mwalimu alishasimama kutafuta viatu vyake.

SHANGAZI: Zilikuja kampuni nne, mwanangu. Ikiondoka moja, zimebaki tatu.

MFAMASIA: Na hizo tatu zingekubali?

SHANGAZI: Hazikuulizwa.